Mafundi wa Maji wa Monterey

Mwani wa kelpi hauvumilii maji yaliyotulia. Mwani huu wa kahawia, unaosimama wima kutoka sakafu ya bahari hadi juu na kufanya msitu, hauna mizizi ya kunyonya chakula ardhini. Una kishikizo tu kinachokumbatia mwamba, na chakula chake chote hukivuta kwa majani kutoka katika maji yanayopita. Maji yakisimama, yale yanayogusana na jani huishiwa rutuba, na jani huanza kudhoofu hata kama bahari nzima imejaa neema. Kwa hiyo atakaye kuufuga lazima aupe mambo matatu kwa pamoja: jua la kutosha, maji ya baridi yenye rutuba, na msukosuko usiokoma usiku na mchana. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna akwariamu iliyokuwa imefanikiwa kukuza msitu hai wa namna hiyo ndani ya jengo lake. Wa kwanza uko Monterey, California. Umekwisha kupita miaka arobaini, na bado unakua.

Kutoka San Jose, ninakoishi na kufanya kazi, Monterey ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Nilikwenda na mpwa wangu, binti wa dada yangu, shule zilipofungwa. Njia inapita Gilroy, mji unaonukia vitunguu saumu, ikashika Castroville penye mashamba ya artichoki, kisha ukungu wa bahari unakupokea na kukulazimisha kuvaa koti hata katikati ya kiangazi. Kwa mtu aliyekulia Unguja, bahari ile ni ngeni. Maji yake mara nyingi huwa kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi, na hayakuiti kuoga. Lakini ubaridi huo ndio utajiri wake. Upepo wa kaskazini-magharibi unapovuma majira ya machipuko na kiangazi, maji ya juu husukumwa kwenda bahari kuu, na maji ya kina hupanda kushika nafasi yake, yakiwa na rutuba iliyolimbikizana huko chini gizani. Isitoshe, mbele ya mji wa jirani wa Moss Landing kuna korongo la chini ya bahari linaloanzia karibu kabisa na nchi kavu na kushuka hadi kina cha zaidi ya mita 3,000. Wajenzi wa akwariamu yenye msitu huo walichagua mahali pa kazi kama mkulima mzuri anavyochagua udongo.

Jengo lenyewe limesimama mwisho wa barabara ya Cannery Row, pale palipokuwa na kiwanda cha sadini kilichoanzishwa mwaka 1916 na Knut Hovden, mhamiaji kutoka Norwei. Zamani hizo barabara nzima ilikuwa ya viwanda. Samaki walishushwa kutoka vyomboni, wakapikwa na kutiwa makoponi, na mabaki yakasagwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Monterey ilijiita mji mkuu wa sadini duniani. Kabla ya miaka ya 1950 kukolea, sadini walikuwa wamekwisha. Mabadiliko ya bahari yenyewe yalichangia, na uvuvi usio na kiasi ukaongeza yake. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja, na cha Hovden kilikuwa cha mwisho, mwaka 1973. Mabirika ya mvuke ya kiwanda hicho bado yapo, yametunzwa ndani ya akwariamu, na kila mgeni anaweza kuyatazama.

Barabara hiyo hiyo ndiyo aliyoiandikia John Steinbeck riwaya yake ya mwaka 1945. Jirani na viwanda aliishi rafiki yake Ed Ricketts, mtafiti wa viumbe wa pwani, aliyekuwa na maabara ndogo ya mbao. Mwaka 1939 Ricketts na Jack Calvin walichapisha kitabu kuhusu wanyama wa pwani ya Pasifiki, na badala ya kuwapanga kwa koo zao kama ilivyokuwa desturi ya vitabu vya elimu, kiliwapanga kwa makazi: wa mwambani pamoja, wa mchangani pamoja, wa nguzo za gati pamoja. Nilikumbuka mpangilio huo nilipokuwa nikitembea ndani ya akwariamu, kwa sababu nayo imejengwa hivyo hivyo. Huoneshwi samaki mmoja mmoja kama bidhaa rafuni. Unaoneshwa mtaa wao, na majirani wao wote.

Wazo la kuijenga lilitoka kwa wanabiolojia wa bahari wa hapo hapo, waliokuwa karibu na kituo cha utafiti cha Hopkins cha Chuo Kikuu cha Stanford. Mmoja wao alikuwa Nancy Burnett, binti wa David na Lucile Packard. Wazazi wake wakatoa dola milioni 55, na mlango ukafunguliwa tarehe 20 Oktoba 1984. Dada yake, Julie Packard, akawa kiongozi wa taasisi hiyo kwa miongo mingi. David Packard, yule injinia aliyeanzisha kampuni ya Hewlett-Packard pamoja na Bill Hewlett, hakuishia kutoa fedha. Alijitia mwenyewe katika kubuni mtambo wa mawimbi, ambao bila huo msitu usingeishi.

Sasa tuusogelee msitu.

Tangi lake lina kimo cha mita 8.5, karibu ghorofa tatu, na ndani yake mna zaidi ya lita milioni 1.2 za maji ya bahari. Juu halina paa, ili jua lishuke lenyewe. Ukuta wa mbele ni wa akriliki, wenye unene wa zaidi ya sentimita 15, na karibu na sakafu kila mita ya mraba ya ukuta huo inasukumwa na maji kwa nguvu ya zaidi ya tani nane. Wageni wanaegemea hapo, watoto wanabandika viganja, na hakuna anayefikiria uzito huo. Hiyo ni sifa ya kwanza ya ufundi ule: umemwondolea mtazamaji hofu, akabaki na macho tu.

Tulipofika mbele yake, mpwa wangu ndiye aliyeanza kuona.

"Mjomba, mbona majani yote yanainama pamoja?"

Kweli, msitu mzima ulikuwa ukiegemea kulia, taratibu, kutoka kishikizo hadi kilele. Ukasita. Kisha ukarudi kushoto, nao samaki wakarudi nao, kila mmoja akiwa pale pale alipo ukilinganisha na jani la jirani yake. Mzee mmoja wa kujitolea aliyekuwa amesimama karibu nasi alielekeza kidole juu. Huko, alisema, ndiko uliko mtambo wa mawimbi: pistoni kubwa inayosukuma maji, ikaachia, ikasukuma tena. Haikomi. Ikikoma kwa muda mrefu, majani yanaanza kuumwa.

Nilibaki nikiutazama mwendo ule hadi mpwa wangu akachoka kuningoja. Ukiutazama haraka unaona kupepesuka tu. Ukikaa, unaanza kuona kazi. Wimbi halifanani nguvu kila mahali. Kwenye pembe za mwamba linajikunja, kwenye uwazi wa katikati linapita moja kwa moja, na nyuma ya shina nene linaacha kivuli cha maji matulivu ambamo samaki wa rangi ya kutu wamejibanza wakipumua. Kila samaki amejua mahali pake kutokana na wimbi hilo. Papa chui, mwenye madoa meusi mgongoni, hukata katikati penye nafasi. Sadini huzunguka juu karibu na mwanga. Fundi aliyepima nguvu ya pistoni ndiye aliyewagawia wote viwanja, bila kumgusa hata mmoja.

Kisha akashuka mpiga mbizi. Hii ndiyo sehemu niliyoitamani zaidi, na nilipata bahati ya kuiona kwa karibu, kwa sababu alifanya kazi mbele ya uso wangu. Alikuja na kitambaa kusafisha ukuta wa akriliki, maana mwani mdogo wa kijani huota juu yake kila siku, na akriliki huchunika upesi kuliko kioo. Ukiisugua kwa pupa, unaacha mkwaruzo utakaoonekana miaka. Alianzia pembe ya juu. Alifuta kwa mistari, kila mstari ukilalia kidogo juu ya ule uliotangulia, asiache mwanya. Wimbi lilipomjia, hakushindana nalo. Aliuacha mwili wake uende, mkono ukiwa umetulia, akarudi na maji, na kitambaa kikagusa pale pale kilipoishia. Alifanya hivyo tena na tena. Mtu asiyezoea angepiga teke, akachafua maji, akachoka kabla hajafika katikati. Yeye alikuwa amelifanya wimbi sehemu ya kazi yake.

Mwenzake alikuwa ndani zaidi, akipogoa. Kelpi ndani ya tangi hurefuka kwa sentimita 10 hivi kwa siku, na ikiachwa itafunika uso wa maji wote na kuzuia jua lisiwafikie walio chini. Kwa hiyo kila juma wapiga mbizi hupita na kukata. Nilimtazama jinsi anavyochagua. Alilishika shina, akalifuata kwa mkono hadi juu, akaangalia majani ya kileleni. Lililozeeka, lenye majani yaliyochakaa na kutoboka, alilikata chini karibu na kishikizo na kulivuta polepole ili lisinase kwenye mashina mengine. Changa aliliacha, hata lilipokuwa limekaa vibaya machoni mwa mtazamaji. Hakuwa akitengeneza bustani ya kupendeza. Alikuwa akiupa msitu nafasi ya kujitengeneza wenyewe. Nyuma yake alifuata samaki mmoja mnene, kichwa cheusi, kiuno chekundu, kidevu cheupe. Ni dume la aina ambayo wote huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume ukubwani. Alimfuata mpogoaji kila alipokwenda, akiokota vilivyong'oka.

Lakini kazi kubwa kuliko zote katika tangi lile hufanyika wakati mimi na mpwa wangu tumekwisha rudi nyumbani.

Pampu za akwariamu huvuta maji kutoka ghubani, hadi karibu lita 7,500 kwa dakika. Mchana maji hayo hupitishwa kwenye machujio ili yawe maangavu na mgeni aone hadi ukuta wa nyuma. Usiku, milango ikishafungwa, machujio hukwepwa na maji huachwa yaingie mabichi kama yalivyo. Huingia na kila kilichomo: vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo ni chakula cha wengi, mbegu za mwani, mabuu ya kaa, ya kome, ya viti vya pweza. Vingine huliwa usiku huo huo. Vingine hupata mahali pa kushika, vikakua. Miamba iliyomo ndani ya tangi ilitengenezwa na watu, lakini leo huwezi kuuona mkono wa mtu juu yake, kwa kuwa imefunikwa tabaka juu ya tabaka na viumbe ambavyo vingi vilikuja vyenyewe kwa njia ya bomba, vikajichagulia pembe. Alfajiri machujio hurudishwa kazini, na wageni wa asubuhi wanakuta maji meupe.

Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya ufundi wa Monterey. Ni rahisi kwa fundi kujenga kitu na kukifunga kisiingiliwe. Kuchuja kila kitu, kupanga kila jiwe, kuweka kila samaki kwa mkono: hiyo ni kazi ya mtu anayetaka kutawala. Hawa walijifunza kujenga mlango na kujua saa ya kuufungua. Wanaifanyia bahari yale ambayo bahari haiwezi kujifanyia ndani ya nyumba, yaani wimbi, na yaliyobaki wanaiachia yenyewe.

Ujuzi wa namna hii si mgeni kwetu. Wanawake wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, wanaujua kwa njia yao. Mwani wao ni wa aina nyingine, mfupi, wa maji ya joto, unaofungwa kwa vipande kwenye kamba zilizotandikwa kati ya vigingi. Lakini swali wanalojiuliza ni lile lile: maji yanapitaje hapa? Mkulima wa Jambiani hutoka na bamvua, wakati maji yamekupwa mbali, na kabla hajafunga kamba anatazama mchanga umejikunja upande gani, nyasi za bahari zimelalia wapi, dimbwi gani litapata moto jua likiwa kali. Anajua kwamba shamba lililo na mkondo mzuri litampa mavuno, na lililo kwenye maji mazito litaoza. Joto la bahari lilipozidi na mwani wa thamani kubwa, ule wanaouita kotoni, ukaanza kufa kwenye maji mafupi, baadhi yao walianza kujaribu maji ya kina zaidi. Mbele ya kioo cha Monterey niliwafikiria sana wanawake wale. Mpiga mbizi mwenye kitambaa na mama mwenye kamba kiunoni wangeelewana bila mkalimani.

Kutoka msituni tulikwenda kwa konyeza. Hapo ufundi unakabiliwa na tatizo la aina nyingine kabisa. Konyeza hana mifupa, hana ubongo, na mwili wake ni maji kwa asilimia 95 hivi. Baharini hana ukuta wa kugonga. Umtie katika tangi la kawaida, atasukumwa pembeni, atakwama kwenye kona, atasuguliwa hadi achanike, au atavutwa kwenye tundu la pampu. Hata kiputo cha hewa kikinasa chini ya mwavuli wake kinaweza kumtoboa.

Suluhisho lilianzia Ujerumani katika miaka ya 1960, pale mwanasayansi Wolf Greve alipobuni tangi la duara la kufugia viumbe wadogo wanaoelea. Baadaye likarekebishwa kwa ajili ya konyeza, na Monterey ikawa miongoni mwa akwariamu za mwanzo kulipa umaarufu. Tangi hilo halina kona. Maji huingia kama utando mwembamba kandokando ya ukuta na kuzunguka polepole, na mzunguko huo humbeba konyeza katikati, asifike chini wala asiguse pembeni. Tundu la kutolea maji limefunikwa na wavu, na maji yanayoingia hupita juu ya wavu huo ili kumsogeza konyeza kabla hajanaswa. Mtazamaji haoni chochote kati ya hayo. Kingo za duara zimefichwa nyuma ya ukuta mweusi, taa zimewekwa upande, na nyuma kuna buluu tupu. Anachoona ni konyeza wa rangi ya chungwa, mikono yake mirefu ikimfuata, akielea kana kwamba nyuma yake kuna bahari isiyo na mwisho.

Na konyeza wengi wanaooneshwa wamelelewa na mafundi hao hao tangu utoto. Konyeza mchanga huanza kama kitu kidogo mno kilichobandikwa mahali, chenye umbo la ua. Wakati wake ukifika hujigawa na kuachia visahani vidogo vinavyopigapiga majini, na kila kisahani ndicho konyeza wa kesho. Nyuma ya ukumbi kuna vyumba vya kulelea hatua hizo zote. Huko kila siku huanguliwa uduvi wadogo wa maji ya chumvi kutoka mayai makavu, ili watoto wale wapate chakula kinachotosha vinywa vyao. Konyeza wengi maisha yao ni mafupi, mara nyingi mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo kazi hiyo haina siku ya kumalizika. Wa leo wakiwa bado wanaelea ukumbini, wa kuwarithi wameshaanza kupigapiga majini nyuma ya ukuta.

Kuna sehemu moja ambayo mafundi hawa walilazimika kujifunza kujiondoa kabisa, nayo ni ya fisimaji wa baharini. Mnyama huyu hana mafuta mazito chini ya ngozi kama nyangumi. Kinga yake dhidi ya baridi ni manyoya, mazito kuliko ya mnyama yeyote, zaidi ya nywele 100,000 kwa kila sentimita ya mraba. Manyoya hayo ndiyo yaliyomponza. Aliwindwa hadi California ikaamini kwamba ametoweka, na mwaka 1938 ndipo kundi la karibu 50 lilipojulikana karibu na Big Sur. Wanaoishi pwani hiyo leo, karibu 3,000, wametokana na kundi hilo.

Tangu mwaka 1984 akwariamu imekuwa ikiwaokoa watoto wa fisimaji waliotenganishwa na mama zao na dhoruba. Mwanzoni watu waliwalea wenyewe. Waliwanyonyesha kwa chupa, wakawasugua manyoya, wakaogelea nao ghubani kuwafundisha kuzamia na kuvunja kome. Watoto walikua, lakini walikua wakiwapenda watu. Wakiachiwa, walifuata mitumbwi na wapiga mbizi, jambo la hatari kwao. Mwaka 2001 fisimaji jike aliyeitwa Toola, mgonjwa asiyeweza kurudishwa baharini, alizaa mtoto aliyekufa. Wahudumu wakampa mtoto yatima wa majuma machache. Akamkubali papo hapo, akamlea. Tangu hapo mbinu ikabadilika. Majike wasioweza kuachiwa wakawa walezi, na mtu anapolazimika kumgusa mtoto kabla hajapata mlezi, huvaa joho jeusi na kinyago cha mchomelea vyuma, ili mtoto asijue kwamba aliyemlisha ni binadamu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha matokeo. Watoto 37 waliolelewa kwa njia hiyo waliachiwa kati ya mwaka 2002 na 2016 katika hori la Elkhorn Slough, karibu na Monterey. Wao na uzao wao walichangia zaidi ya nusu ya ongezeko la fisimaji wa hori hilo katika miaka hiyo. Na faida haikomei kwa mnyama mmoja. Fisimaji hula nungu wa bahari, wale wanyama wa duara wenye miiba, ambao wakizidi hutafuna vishikizo vya kelpi hadi msitu ukabaki mwamba mtupu. Anayemlea yatima yule anaulinda pia msitu ulio nje ya ukuta, ule ambao hauna pistoni wala machujio.

Ndiyo maana naiheshimu pia habari ya papa mweupe. Mwaka 2004 akwariamu ilimpokea jike mchanga, aliyezoeshwa kwanza ndani ya zizi la nyavu baharini, na akaishi katika tangi lake kubwa la bahari kuu kwa siku 198. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amemweka papa mweupe kwa muda unaokaribia huo. Umati ulifurika kumtazama. Lakini aliendelea kukua, akawashambulia na kuwaua papa wengine wawili aliokuwa nao, na mwishoni mwa Machi 2005 wakamrudisha baharini, mzima, akiwa na kifaa cha kufuatilia safari zake. Wengine watano walifuata katika miaka iliyofuata, nao pia hawakukusudiwa kukaa daima, na mwaka 2011 mpango mzima ukakoma. Kumweka papa yule kulihitaji ujuzi mkubwa. Kumwachia wakati kila mtu anataka kumwona kulihitaji zaidi ya ujuzi.

Mpwa wangu aliuliza njiani, tukiwa tumeshapita Castroville, kama akikua anaweza kufanya kazi ile. Nilimwambia anaweza, na nikamweleza anachohitaji kama nilivyokiona: ajue kuogelea, asome sayansi, na zaidi ya yote awe na subira ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu kuliko wenzake. Pwani yetu ina watu wenye subira hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja, na vijijini wamejaa wavuvi na wakulima wa mwani wanaosoma maji kila siku. Vijana wetu walioko huku ughaibuni nao wana nafasi ya kujifunza kutoka kwa mafundi wa huku, na kuyapeleka nyumbani waliyojifunza.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa unaishi karibu na akwariamu, wapeleke watoto. Usikimbie nao kutoka tangi hadi tangi kuhesabu samaki. Chagua tangi moja, simameni hapo, na waulize kwanza maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na nani anayasukuma. Kisha mtafute mzee wa kujitolea aliye karibu na kioo, na mmuulize maswali yote yaliyobaki. Yuko pale kwa kazi hiyo, na atafurahi.